Jacob Christoph Le Blon: Mchoraji aliyechapa picha za rangi kwa wino tatu tu

Mjini Tukuyu, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, kazi ya kuchapa huanzia kwenye kompyuta ya duka la stesheneri. Kadi za harusi, kalenda za kwaya, vipeperushi vya ushirika na lebo za kahawa au asali hupangwa hapo. Kazi ndogo hutolewa papo hapo kwa printa, na ile kubwa hupelekwa kwa mchapaji mwenye mitambo mikubwa.

Malalamiko nayo yanafanana. Kijani cha shamba la chai kilichong'aa kwenye skrini kinarudi kimefifia. Buluu ya anga juu ya Mlima Rungwe inatoka na zambarau ndani yake. Mteja anakataa mzigo, aliyepanga kurasa anamlaumu mchapaji, na mchapaji analaumu faili. Ikiwa nakala ni 1,000, kuna mtu atakayebeba hasara.

Chanzo cha tatizo hili kilielezwa kwa maandishi takriban miaka 300 iliyopita. Aliyekieleza ni Jacob Christoph Le Blon, mtu ambaye njia yake bado inatumika kila faili la rangi linapopelekwa kuchapwa. Katika makala haya tunayatazama maisha yake, na yale ambayo mpangaji wa kurasa wa Rungwe anaweza kujifunza kutoka kwake.

Le Blon alikuwa nani?

Le Blon alizaliwa mwaka 1667 mjini Frankfurt, Ujerumani, katika familia yenye asili ya Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini. Alijifunza uchoraji na uchongaji wa mabamba ya kuchapia. Akiwa kijana alikwenda Roma kujiendeleza, kisha akahamia Amsterdam, ambako aliishi kwa kuchora picha ndogo sana za sura za watu.

Uchapaji wa wakati huo ulikuwa wa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Aliyetaka picha ya rangi alimlipa mtu aipake kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Wapo waliochapa kwa rangi mbili au zaidi, lakini kila rangi iliyoonekana kwenye picha ilihitaji wino wake. Le Blon alijiuliza kama rangi zote za mchoro zingeweza kupatikana kwa wino chache zinazochapwa moja juu ya nyingine. Jibu alilolipata ni wino tatu: buluu, njano na nyekundu.

Mwanga na wino si kitu kimoja

Mwaka 1704 Isaac Newton alichapisha kitabu chake kuhusu mwanga, akionyesha kwamba mwanga mweupe umebeba rangi nyingi ndani yake. Zikikusanywa tena, rangi hizo hurudi kuwa mwanga mweupe. Lakini mchoraji yeyote anajua kwamba akichanganya rangi zake zote kwenye kibao hapati nyeupe. Anapata uchafu mweusi.

Le Blon alieleza tofauti hiyo katika kitabu kidogo kiitwacho Coloritto, kilichotoka London yapata mwaka 1725 kikiwa na maandishi ya Kiingereza na Kifaransa sambamba. Alitenganisha rangi za mwanga, zisizoshikika kwa mkono, na rangi za kupaka, ambazo ni vitu. Za kwanza zikijumlishwa huelekea nyeupe, na za pili zikijumlishwa huelekea nyeusi.

Hilo ndilo linalowasumbua wapangaji wa kurasa hadi leo. Skrini huanza na giza na kuongeza mwanga wa aina tatu: nyekundu, kijani na buluu. Karatasi huanza na weupe, na kila wino unaowekwa juu yake hupunguza sehemu ya mwanga unaorudi machoni. Kwa hiyo kuna kijani ambacho skrini inaweza kukiwasha, lakini hakuna mchanganyiko wa wino za kawaida unaoweza kukifikia. Mchapaji akilazimishwa kukitafuta, atatoa kile kilicho karibu nacho, na hicho ndicho kijani kilichofifia anachokiona mteja.

Alichapaje?

Le Blon alitumia mabamba ya shaba. Uso wa bamba ulikwaruzwa wote kwa chombo chenye meno mpaka ukajaa vishimo vidogo vya kushika wino. Palipotakiwa rangi nzito paliachwa hivyo hivyo. Palipotakiwa wepesi palisuguliwa hadi pakawa laini, ili pasishike wino, na weupe wa karatasi ukatumika kama mwanga wa picha.

Picha moja ilihitaji mabamba matatu, kila rangi na lake. Karatasi ile ile ilipita chini ya kila bamba kwa zamu, na ilibidi ikae mahali pale pale kila mara, la sivyo picha ingetoka na kivuli pembeni. Wanaochapa fulana kwa fremu za kitambaa wanaijua kazi hii, kwa sababu kila rangi ina fremu yake, na fremu ikisogea kidogo fulana imeharibika. Wakati mwingine Le Blon aliongeza bamba la nne la wino mweusi ili kuyapa maeneo ya giza uzito zaidi.

Ugumu mkubwa ulikuwa kuamua kila sehemu ya picha ipate wino kiasi gani kutoka kila bamba. Hapakuwa na kipimo wala jedwali. Le Blon aliutazama mchoro na kukadiria kwa jicho lake.

Mafanikio mezani, hasara dukani

Mwaka 1719 Mfalme George I wa Uingereza alimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Wenye fedha wa London walinunua hisa, ikaanzishwa kampuni ya kuchapa nakala za michoro maarufu. Maelfu ya nakala yalichapwa. Hata hivyo, gharama za kuzitengeneza zilizidi mapato ya kuziuza, usimamizi ulikuwa mbaya, na baada ya miaka michache kampuni ilianguka.

Le Blon hakukata tamaa. Mwaka 1727 alipata hati nyingine, safari hii ya kufuma mazulia ya ukutani yenye picha kwa kuchanganya nyuzi za rangi chache, kwa kanuni ile ile. Mradi huo nao ulishindwa. Katika miaka ya 1730 aliondoka Uingereza, akapitia Uholanzi na kufika Paris, ambako mwaka 1737 Mfalme Louis XV alimpa ruhusa ya kipekee ya kuchapa kwa njia yake. Tayari alikuwa na umri wa miaka 70.

Alifariki dunia Paris mwaka 1741, bila utajiri. Jacques Fabien Gautier d'Agoty, aliyewahi kufanya kazi kwake kwa muda mfupi, aliichukua ruhusa ile na kudai kwamba bamba la nne la wino mweusi lilikuwa ubunifu wake mwenyewe. Maelezo kamili ya njia ya Le Blon yalichapishwa mwaka 1756, miaka 15 baada ya kifo chake.

Kwa maoni yetu, udhaifu wa kazi yake haukuwa katika kanuni. Kanuni ilikuwa sahihi, lakini vipimo vilikaa katika jicho la mtu mmoja, na msaidizi hakuweza kuvirudia bila yeye kuwapo.

Kutoka jicho hadi asilimia

Leo wachapaji hutumia wino nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kilichobadilika zaidi ni kwamba rangi sasa huandikwa kwa namba. Katika programu za kupanga kurasa kama InDesign, au Scribus isiyolipiwa, kuna kidirisha cha sampuli za rangi. Kijani cha jani la chai kinaweza kuwekwa kama sayani asilimia 60, majenta 0, njano 100 na nyeusi 10. Namba hizo mchapaji wa mji mwingine anaweza kuzisoma bila kumwona aliyezichagua.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa chai kinachotaka kalenda 500. Mpangaji wa kurasa aanze kwa kutengeneza sampuli chache na kuzipa majina yanayoeleweka, kama vile kijani cha nembo au njano ya kichwa. Kila mahali atumie sampuli hizo hizo. Asiokote rangi upya kila ukurasa, kwa sababu kalenda itaishia na kijani cha aina tatu. Sampuli zisizotumika azifute. Rangi zilizowekwa kwa mfumo wa skrini azigeuze kuwa za wino mapema, ili mteja azione kabla ya kukubali kazi.

Maandishi madogo yawe na wino mweusi peke yake, asilimia 100. Yakijengwa kwa wino nne na karatasi ikasogea kidogo, herufi zitapata kivuli, tatizo lile lile lililomsumbua Le Blon. Pia asirundike wino kupita kiasi. Wachapaji wengi hutaka jumla ya wino nne isizidi asilimia 300 au karibu na hapo, kutegemea karatasi. Zaidi ya hapo wino huchelewa kukauka, na katika mji wenye mvua nyingi kama Tukuyu, kurasa mbichi zikipangwa juu ya nyingine hugandana.

Wakati wa kutoa faili la PDF la kuchapia, picha inayofika ukingoni ipitilize milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Programu nyingi zina sehemu ya kutazama kila wino peke yake kabla ya kutoa faili. Ukizima wino tatu na kubakiza njano, utaona kile ambacho bamba la njano litabeba. Rudia kwa kila wino. Kisha mwombe mchapaji nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, mteja aitazame kwa mwanga wa mchana na kuitia saini. Gharama ya karatasi hiyo moja ni ndogo sana kuliko ya kuchapa upya kalenda 500.