Sayyid Ahmad bin Sumayt: kadhi wa Zanzibar mwenye asili ya Yemen

Kwa wasikilizaji wengi wa Giteranyi na Muyinga, jina la Yemen siku hizi hutajwa pamoja na vita, njaa na wakimbizi. Hata hivyo, nchi hiyo imechangia pakubwa elimu ya dini Afrika Mashariki. Maisha ya Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt yanalithibitisha hilo.

Sayyid Ahmad alizaliwa mwaka 1861 huko Itsandra, kisiwani Ngazija. Baba yake alitoka Shibam, mji wa maghorofa ya udongo katika bonde la Hadhramaut, mashariki mwa Yemen ya leo. Ardhi ya huko ilikuwa kame, na koo za Qu'aiti na Kathiri zilikuwa zikigombania utawala. Kwa hiyo Wahadhrami wengi walivuka bahari kutafuta riziki.

Alianza kusoma kwa baba yake, na ujanani akawa nahodha. Baadaye alisafiri hadi Hadhramaut kujiendeleza kwa masharifu wa huko. Aliporejea, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimteua kuwa kadhi. Sultani alikuwa Ibadhi ilhali raia wengi walikuwa Shafii, hivyo dola iliweka makadhi wa madhehebu zote mbili. Waislamu wengi wa Burundi, ambao wazee wao waliipokea dini kutoka kwa watu wa pwani waliopitia Ujiji, nao ni Shafii.

Mwaka 1885 aliuacha ukadhi akaenda Istanbul. Huko alipokewa na Sayyid Fadhl bin Alawi, mtu wa karibu wa Sultani Abdulhamid wa Pili, na akatunukiwa nishani ya Dola ya Uthmaniya. Alizuru pia Misri, Makka, India na Java. Pamoja na heshima hiyo yote, alirudi Zanzibar mwaka 1888, mwaka aliofariki Barghash, akashika tena kiti cha ukadhi.

Miaka miwili baadaye Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mahakama zikapangwa upya kwa amri za wageni. Sayyid Ahmad hakujiuzulu. Aliendelea kuamua kesi za ndoa, talaka, mirathi na wakfu, mambo yanayogusa kila nyumba, huku akisomesha. Pamoja na rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alilea kizazi cha wanazuoni wa pwani nzima. Wote wawili walifariki mwaka 1925.

Mwanawe, Sayyid Omar, naye alikuwa kadhi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, alikimbilia Hadhramaut, kisha akahamia Ngazija. Wakati huo nchi ya mababu ndiyo iliyokuwa kimbilio.

Leo hali imegeuka. Mukalla, bandari kuu ya Hadhramaut, ilishikwa na Al-Qaeda kuanzia Aprili 2015 hadi Aprili 2016, na makaburi ya masharifu yakabomolewa. Shibam, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, imo katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini tangu mwaka 2015. Maghorofa yake ya udongo huhitaji kukandikwa upya mara kwa mara, kazi ambayo haifanyiki ipasavyo wenyeji wanapokuwa vitani.