Shekhar Mehta: mkimbizi aliyeshinda Safari



Kila mara familia zilizokimbia vita zinapofika Beni na Butembo, sisi wachungaji na mashemasi tunafungua daftari. Tunaandika jina la mkubwa wa nyumba, idadi ya watoto, kijiji walikotoka na mahitaji yao: mablanketi, masufuria, unga, sabuni. Kazi hiyo ni njema. Lakini maisha ya mtu mmoja aliyelazimika kuhama nchi jirani yametufanya tulitazame daftari hilo tena.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, katika ukoo wa Wahindi wenye mashamba makubwa. Kampala tunaijua. Wafanyabiashara wetu wanapita Kasindi kila juma kwenda kununua bidhaa huko. Kijana huyu alipenda magari, na alipofika miaka 21 alianza kushindana akiendesha BMW.

Katika Afrika ya Mashariki, shindano kubwa la magari lilikuwa Safari. Lilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi lilifanyika siku za Pasaka. Halikuwa mbio za kuzunguka uwanja mmoja. Magari yalitoka moja baada ya jingine na kusafiri kilomita zipatazo 5,000, usiku na mchana, kwenye barabara zile zile za malori na ng'ombe. Njiani kulikuwa na vituo vya kupima saa. Dereva aliyechelewa alihesabiwa adhabu kwa kila dakika, na mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye aliyeshinda. Ndugu zetu madereva wanaojua utelezi wa barabara ya Beni na Butembo wakati wa mvua wataelewa. Matope ya Safari yalimeza magari mengi, na wengi walioanza hawakufika mwisho. Mwaka 1971 Mehta alifika wa pili. Ilionekana kwamba zamu yake ilikuwa karibu.

Ndipo mambo yalipogeuka. Mwezi wa Agosti 1972, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, wengi wao wakiwa wamezaliwa pale pale. Waliacha nyumba, maduka, mashamba na makaburi ya wazazi wao. Mehta na jamaa yake walihamia Kenya.

Tuseme kweli: hakuwa mkimbizi kama mama anayefika Oicha na mtoto mgongoni na sufuria moja kichwani. Alikuwa mtu wa ukoo wenye mali, mwenye jina na marafiki. Hata hivyo kufukuzwa mahali ulipozaliwa ni jeraha, na mwenye mali naye hulisikia. Shamba halibebeki. Alichoweza kubeba ni kile kilichokuwa mikononi na kichwani mwake: ujuzi wa kuendesha gari katika barabara mbaya.

Nao Wakenya hawakumwambia akae pembeni. Siku ya mwisho ya wale waliofukuzwa ilikuwa mwezi wa Novemba 1972. Pasaka ya 1973, kabla miezi sita haijatimia, Mehta alikuwa kwenye mstari wa kuanzia katika Datsun 240Z, pamoja na msomaji wake wa njia, Lofty Drews. Mwaka huo Safari ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia.

Baada ya maelfu ya kilomita, yeye na Harry Källström wa Sweden walilingana kabisa kwa adhabu. Kanuni ilimpa ushindi yule aliyesafiri mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta. Uangalifu wake wa saa za kwanza, ambao labda hakuna aliyeupigia makofi, ndio uliomfanya mshindi.

Haikuishia hapo. Akiwa na Mike Doughty kama msomaji wa njia, alishinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Ushindi 5, na 4 kati yake kwa mfululizo. Nchi iliyompokea ilipata heshima mbele ya dunia kwa mkono wa mtu ambaye jirani yake alimwona hafai.

Mwaka 1987 aliumia vibaya katika mashindano ya jangwani huko Misri, na mbio zake zikakoma. Hapo pia alipoteza kitu na akaanza upya. Aliingia katika uongozi wa mchezo huo, na tangu 1997 alikuwa mkuu wa kamati ya rali ya shirikisho la dunia la magari, FIA. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Pasaka.

Hatumweki Mehta mbele yenu kama mtakatifu. Tunamweka kama swali. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli wajenge, wapande, na kuutafutia heri mji waliomo. Lakini mtu atapandaje kama mwenyeji hajamuuliza kama ni mkulima?

Hili ni kosa letu wenyewe. Katika daftari letu hapakuwa na mstari wa kazi. Tuliandika blanketi ngapi, hatukuandika kwamba huyu ni fundi wa kushona, yule ni mwalimu, mwingine ni fundi wa pikipiki, na mama yule amezalisha watoto wa kijiji kizima. Tuliwahesabu kwa yale waliyopoteza, tukasahau yale waliyobeba.

Basi tunaomba kila parokia iongeze mstari mmoja katika daftari: unajua kufanya nini? Kisha, baada ya ibada ya Jumapili, mashemasi wasome majibu hayo mbele ya kusanyiko. Mwenye cherehani isiyotumika atasikia. Mwenye shamba lililolala atasikia. Msaada wa unga uendelee, kwa maana tumbo halingoji. Lakini aliyepewa unga pamoja na kazi huinua kichwa chake.

Bwana awabariki wenyeji na wageni.