Mkwawa: Alikuwa na ngome na baruti, akakosa karakana

KALENGA ni kijiji kilicho kilomita chache magharibi mwa mji wa Iringa, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Katika makumbusho ya kijiji hicho limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyefariki dunia Julai 19, 1898 baada ya kuwapinga Wajerumani kwa miaka saba.

Ushujaa wake unafahamika kwa wengi. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni jinsi mtawala huyo alivyotumia mali ya nchi yake katika ulinzi, na pengo moja ambalo mali hiyo haikuweza kuliziba.

Mkwawa, ambaye jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, alizaliwa Luhota karibu na mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo ndogo ndogo za Uhehe kuwa dola moja yenye jeshi lenye nidhamu.

Munyigumba alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870, ulizuka mgogoro wa kugombea kiti. Mwamubambe alishika madaraka na kijana Mkwawa akalazimika kukimbilia Ugogo. Aliporejea, alimshinda mpinzani wake katika vita vilivyoliachia eneo la mapigano jina la Lundamatwe, yaani mahali palipolundikana mafuvu.

Mkwawa alikuwa amezungukwa na majirani wasiolala. Kusini walikuwapo Wangoni, na magharibi, katika nchi ambayo baadaye iliingia mkoani Mbeya, walikuwapo Wasangu wa Mtemi Merere. Wahehe walikuwa wamewasukuma Wasangu kutoka katika nchi yao, nao wakajenga makao yenye boma huko Utengule.

Mwaka 1877 jeshi la Wahehe liliuzingira mji wa Merere, na Konsuli wa Uingereza, Frederic Elton, aliyekuwa safarini, akajikuta amefungiwa ndani. Mji huo haukuanguka. Kwa hiyo Wahehe walijua, hata kabla ya Mkwawa kushika kiti, thamani ya ukuta mbele ya jeshi la mikuki.

Silaha kuu ya Mhehe ilikuwa mkuki, na chuma hakikuwa mbali. Milima ya Ukinga na Upangwa ilikuwa na mafundi walioyeyusha mawe ya chuma kwa tanuri za udongo na mifuo, wakafua majembe na mikuki. Elimu hiyo ilirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na fundi alipovunjikiwa na chombo aliweza kutengeneza kingine.

Bunduki ilikuwa na habari nyingine. Ilitoka pwani, na ili kuipata Mkwawa alitegemea pembe za ndovu pamoja na hongo iliyotozwa misafara ya biashara. Magobore, baruti na risasi vilipanda kutoka pwani hadi nyanda za juu, na inasimuliwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1880 alianza kujenga ukuta wa mawe na udongo kuuzunguka mji wake wa Kalenga.

Ukuta huo ulikuwa na urefu wa kilomita kadhaa. Kwa lugha ya siku hizi, hiyo ilikuwa bajeti ya ulinzi: mali ya umma na nguvu kazi ya maelfu ya watu vikielekezwa katika usalama wa nchi.

Kabla ukuta huo haujajaribiwa, ulifika mtihani wa Lugalo. Agosti 17, 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, aliyepewa na wenyeji jina la Nyundo, kilipita katika njia nyembamba mashariki ya Iringa. Kilikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na bunduki za rashasha.

Zana hizo nzito zilikuwa zimepakiwa juu ya punda. Wahehe walioviziana vichakani waliibuka kwa mikuki na kuwafikia maadui kabla mizinga haijateremshwa. Katika muda mfupi Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake waliuawa.

Ushindi huo nao ulikuwa na gharama. Makumi ya wapiganaji wa Mkwawa walikufa papo hapo, na wengine wengi walifariki baadaye kwa majeraha. Hata hivyo, mikononi mwa Wahehe ziliingia bunduki za kisasa zipatazo 300 pamoja na mizinga.

Hapo ndipo pengo lilipojitokeza. Bunduki iliyotekwa hula risasi za kiwanda, na kiwanda kilikuwa Ulaya. Mzinga huhitaji mtu aliyefundishwa kuulenga, na kipuri kinapovunjika huhitaji chuma cha aina yake. Mhunzi hodari wa mkuki hakuwa amepata nafasi, wala muda, wa kuichunguza zana hiyo na kujifunza kuiiga.

Wajerumani walitumia miaka mitatu kujiandaa. Mwishoni mwa Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele alifika Kalenga na mizinga. Ukuta uliojengwa kuzuia mikuki na magobore ulipigwa kwa makombora, na Oktoba 30 askari wake wakauparamia na kuingia mjini.

Humo walikuta shehena kubwa ya baruti, pembe za ndovu na mifugo. Hazina ya miaka mingi ilichukuliwa kwa siku moja, ingawa Mkwawa mwenyewe aliponyoka.

Kuanzia hapo aliendesha vita vya msituni. Wasangu waliungana na Wajerumani na wakarejeshewa nchi yao. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince alianzisha kituo cha kijeshi ambacho ndicho chimbuko la mji wa sasa wa Iringa. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alisimikwa na Wajerumani Desemba mwaka huo, kisha akanyongwa Februari 1897 kwa tuhuma za kumsaidia kaka yake.

Kichwa cha Mkwawa kilitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Mashamba yalichomwa na njaa ikaenea, lakini wananchi wengi walikataa kumtoa. Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai.

Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirejeshe fuvu hilo, lakini lilirudi Juni 1954 tu, wakati wa Gavana Edward Twining. Alilipokea mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

Maisha ya Mkwawa yanaonyesha kuwa kununua silaha ni jambo moja, na kumiliki ujuzi wake ni jambo jingine. Mataifa makubwa yalilitambua hilo. Mwaka 1982 Marekani ilitunga sheria inayozitaka idara zake kubwa, ikiwamo ya ulinzi, kutenga sehemu ya fedha za utafiti kwa ajili ya kampuni ndogo, ili fundi mwenye wazo jipya kuhusu madini, vifaa au elektroniki asikwame kwa kukosa mtaji.

Tanzania nayo iliunda SIDO mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na ikaanzisha Shirika la Mzinga mkoani Morogoro na kituo cha Nyumbu huko Kibaha chini ya jeshi. Taasisi hizo zinagusa jambo lile lile lililoiangusha Kalenga.

Mkwawa hakushindwa kwa uoga wala kwa uchoyo wa mali. Alishindwa kwa sababu siku ambayo mizinga ilianza kunguruma, mafundi wake waliojua siri ya chuma walikuwa bado wanafua mikuki.