Denis Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyewaona watoto wetu

Mtoto anapovimba taya na meno yake kulegea, wazazi wengi hudhani ni jino bovu. Wengine hudhani amelogwa. Siku zinapita, uvimbe unakua. Huenda ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, ambayo hutibika ikiwahiwa. Leo tunayatazama maisha ya mtu ambaye ugonjwa huo unabeba jina lake.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia. Alianza masomo ya uhandisi mjini Dublin, kisha akatambua kwamba Mungu anamwita kwenye udaktari, akahitimu mwaka 1935. Alipoomba kutumwa Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Hakukata tamaa, mwaka 1946 alipokewa Uganda. Alikuwa Mprotestanti mwenye sala, nasi Wakatoliki tuna haki ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, aliitwa kumwona mvulana mdogo aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona msichana mwenye uvimbe kama ule, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Burkitt angeweza kuandika majina yao na kuendelea na kazi. Badala yake alipekua kumbukumbu za wagonjwa, akagundua kwamba vivimbe vilivyodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali vilikuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 kwa muda wa wiki 10. Walipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali, nyingi zikiwa za misheni. Waliona kwamba ugonjwa huo hufuata nchi za joto, mvua na malaria. Masasi na Newala yetu zimo katika ukanda huo.

Upasuaji ulikuwa umeshindwa, na mionzi haikuwepo Uganda. Burkitt akajaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Sampuli alizopeleka London ziliwawezesha wanasayansi kugundua kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964. Baadaye, mwaka 1982, ilifahamika kwamba ndani ya seli za saratani hii jeni iitwayo MYC huhama kutoka mahali pake na kuziamuru seli zizaane bila kikomo. Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki dunia tarehe 23 Machi 1993.

Mbegu aliyoipanda inaendelea kukua. Siku hizi wataalamu husoma vinasaba vya uvimbe ili kujua ni saratani ipi hasa na ni dawa ipi inamfaa mgonjwa huyu, wala si mwingine. Watafiti wa Tanzania na Uganda, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Oxford, wamechunguza namna ya kuitambua limfoma kwa kusoma vinasaba vyake katika damu ya mtoto. Hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, Lacor, ni miongoni mwa zilizoshiriki.

Hata hivyo, tiba inayomlenga kila mtu haina maana ikiwa inawafikia matajiri pekee. Mama Kanisa hufundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu; mtoto wa mkulima wa korosho ana hadhi ile ile ya mtoto wa mfalme. Burkitt hakuwa na mashine ya kusoma vinasaba. Alikuwa na jicho moja, nalo lilimtazama mtoto mmoja mmoja.

Basi, tukimwona mtoto amevimba taya au tumbo, tusingoje. Tumpeleke hospitali mapema, tumsaidie jirani asiye na nauli, na tuwaombee wahudumu wa afya. Huo ndio Usamaria Mwema wa siku zetu.