JOHN WALTER GREGORY NA KUTA ZA BONDE LA UFA

Ukisimama juu ya kilima huko Kasulu au Kibondo baada ya mvua kubwa, utaona maji mekundu yakiteremka kwa kasi. Maji hayo hubeba udongo wa mashamba mpaka mtoni, nayo huacha makorongo. Ziwa Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa, bonde lenye kuta ndefu na kali. Je, bonde hilo nalo lilichimbwa na maji? Gregory alisafiri mbali kutafuta jibu.

Gregory alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1864. Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliacha shule, akawa karani katika biashara ya sufu. Hata hivyo hakuacha kujifunza. Mchana alifanya kazi, jioni alihudhuria masomo ya sayansi. Mwaka 1887 alipata kazi katika jumba la makumbusho.

Mwaka 1892 alikuja Afrika ya Mashariki pamoja na msafara mkubwa, lakini msafara huo ukavunjika. Gregory hakukata tamaa. Mwaka 1893 aliondoka Mombasa kwa miguu pamoja na wapagazi 40 hivi, akafika Ziwa Baringo. Bila wapagazi hao asingeweza kufanya kazi yake.

Huko alizichunguza kuta za bonde. Aliona kuwa zimejipanga kama ngazi, na matabaka ya mawe yamekatika na kushuka. Mto hauchimbi namna hiyo. Tena, mto uchimbao bonde huhitaji njia ya kutokea, lakini Ziwa Baringo halina mto utokao. Basi, ardhi ilipasuka na sehemu ya kati ikadidimia. Eduard Suess wa Austria alikuwa ameeleza hivyo mwaka 1891, bila kufika Afrika. Gregory alikwenda akaona kwa macho yake.

Lakini maji hayakukaa bure. Ukuta ukisha kusimama, jua na baridi huupasua mwamba, mvua huulegeza udongo, na uzito huuvuta chini. Hata katika sayari ya Mirihi liko bonde lenye urefu wa kilomita 4,000 hivi, ambalo kuta zake zimeporomoka.

Gregory alifundisha katika vyuo vikuu vya Melbourne na Glasgow. Mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 68, alikuwa akichunguza milima ya Peru. Mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba, akafa maji.

Wewe huwezi kuzuia ardhi isipasuke, lakini waweza kuzuia udongo wa kwenu usichukuliwe. Panda miti na majani, na utengeneze makinga maji.

ZOEZI
1. Fanya vichuguu viwili vya udongo, kimoja chenye mteremko mkali, cha pili chenye mteremko mdogo. Mwagia kila kimoja kopo moja la maji. Kipi kimepoteza udongo mwingi zaidi? Kwa nini?
2. Rudia jaribio baada ya kufunika vichuguu kwa majani. Umeona tofauti gani?
3. Gregory alijuaje kuwa Bonde la Ufa halikuchimbwa na mto?