Mahalanobis wa Calcutta: mtaalamu aliyewajua wengi kwa kuwauliza wachache

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu Profesa Prasanta Chandra Mahalanobis alipofariki dunia mjini Calcutta, jiji la India ambalo leo huitwa Kolkata. Hata hivyo, kila serikali inapotaka kujua mavuno ya wakulima au hali ya kaya bila kubisha hodi katika kila nyumba, hukabiliwa na swali lililomshughulisha mtaalamu huyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake: kati ya watu wengi, ni wachache gani waulizwe, na wachaguliwe kwa njia gani?

Mahalanobis alizaliwa tarehe 29 Juni 1893, katika familia ya Kibengali iliyokuwa mfuasi wa Brahmo Samaj, jumuiya iliyopigania mageuzi ya dini na jamii. Baada ya kusoma fizikia katika chuo cha Presidency, alisafiri kwenda Uingereza mwaka 1913 akikusudia kusoma London. Siku moja alikwenda kuutembelea mji wa Cambridge, akachelewa treni ya kurudi, akalala kwa rafiki. Rafiki huyo alimshauri aombe nafasi katika chuo cha King's, naye akakubaliwa. Mwaka 1915 alihitimu fizikia kwa daraja la kwanza.

Safari ya kurejea nyumbani ilicheleweshwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Katika siku hizo za kungoja, mwalimu wake mmoja alimwonyesha Biometrika, jarida la takwimu. Kijana huyo alinunua matoleo yake na kuyasoma melini. Alipofika Calcutta aliajiriwa kufundisha fizikia, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye takwimu. Mwaka 1931 aliasisi Taasisi ya Takwimu ya India, iliyoanzia katika chumba kimoja cha chuo alichofundisha.

Mtihani mkubwa ulimjia kwa njia ya juti, mmea ambao nyuzi zake hufumwa magunia. Jimbo la Bengal lilitegemea sana zao hilo, na wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima wenyewe walihitaji kujua mapema ni eneo kiasi gani limelimwa. Takwimu zilizokuwapo zilitoka kwa walinzi wa vijiji, waliokadiria kwa macho tu. Kupima kila shamba kulihitaji maelfu ya wafanyakazi na fedha nyingi, na kadiri watu walioajiriwa kwa haraka walivyoongezeka, ndivyo makosa yalivyoongezeka.

Kuanzia mwaka 1937, Mahalanobis alijaribu njia nyingine. Alichukua ramani za vijiji, akaweka juu yake vipande vidogo vya ardhi vilivyochaguliwa kwa nasibu, kama mtu anayechota kura kutoka chunguni. Wapimaji walitakiwa kwenda pale hasa ambapo kura iliangukia, liwe shamba la kando ya barabara au la ng'ambo ya kinamasi. Huo ndio uliokuwa moyo wa jambo lenyewe. Mpimaji akiachiwa ajichagulie, atachagua penye njia nzuri na wenyeji wakarimu. Na aliye mbali hatahesabiwa, ingawa taarifa itadai kumsemea. Nasibu haina uvivu wala upendeleo.

Lakini nasibu peke yake haikumtosha. Kabla ya kutumia fedha nyingi alianza na utafiti mdogo wa majaribio, ili ajue vipande viwe na ukubwa gani na vingapi vitatosha kwa gharama iliyopo. Kisha aliwapa wapimaji wa makundi mawili sampuli mbili tofauti za eneo moja, kila kundi likifanya kazi bila kujua matokeo ya mwenzake. Majibu yakikaribiana, palikuwa na sababu ya kuyaamini. Yakiachana mno, ilibidi kutafuta kosa limeingilia wapi. Kwa namna hiyo utafiti ulijikagua wenyewe. Eneo lililopimwa lilipanuliwa mwaka hadi mwaka mpaka likaenea Bengal, kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya kuhesabu kila shamba.

Thamani ya kazi hiyo haikuishia kwenye biashara. Mwaka 1943 Bengal ilikumbwa na njaa iliyoua zaidi ya watu milioni 2. Baadaye Mahalanobis na wenzake walifanya utafiti wa sampuli kuhusu familia za vijijini, wakachunguza waliopoteza ardhi, ng'ombe wa kulimia na riziki. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1946. Waathirika hao hawakuwa na mtu wa kuwasemea mjini. Kura ya nasibu ndiyo iliyowafikisha kwenye maandishi ya taifa.

India ilipopata uhuru, Mahalanobis aliteuliwa kuwa mshauri wa takwimu wa Baraza la Mawaziri mwaka 1949, na mwaka uliofuata ulianzishwa Utafiti wa Taifa wa Sampuli. Nchi ilikuwa na vijiji zaidi ya 500,000. Duru ya kwanza ilitembelea visivyofika 2,000. Kura moja ya nchi nzima ingeweza kuziacha sehemu nyingine bila mwakilishi. Kwa hiyo nchi iligawanywa kwanza katika matabaka, kisha vijiji vikachaguliwa ndani ya kila tabaka, na hatimaye kaya ndani ya kijiji. Hivyo mpimaji hakulazimika kuzunguka nchi nzima kwa ajili ya nyumba moja hapa na nyingine kule.

Hakukosa wapinzani. Katika kupima mavuno alipendelea kukata vipande vidogo sana vya shamba. Mtaalamu mwenzake, P. V. Sukhatme, alionyesha kwamba kipande kikiwa kidogo mno, mkataji huelekea kujumuisha mimea iliyosimama mpakani, na makadirio yakazidi ukweli. Mjadala huo ulikuwa mkali, nao uliacha funzo: kura ikichotwa kwa haki, bado kipimo kinaweza kudanganya.

Mwaka 1945 Mahalanobis alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza, na kuanzia mwaka 1947 aliongoza kamati ndogo ya Umoja wa Mataifa kuhusu sampuli. Mwaka 1950 kilifunguliwa Calcutta kituo cha kimataifa cha elimu ya takwimu, ambacho kimewapokea wanafunzi kutoka Asia na Afrika.

Alifariki tarehe 28 Juni 1972, siku moja kabla ya kutimiza miaka 79. Tangu mwaka 2007, India huiadhimisha siku yake ya kuzaliwa kuwa Siku ya Takwimu. Nasi tunaosikia kila mara kwamba utafiti umeonyesha hili au lile, tumeachiwa naye swali la kuuliza kabla ya kuamini: waliohojiwa walichaguliwaje, na je, mtu wa ng'ambo ya kinamasi alikuwa na nafasi ya kuchaguliwa?