Bernard Palissy, Mfinyanzi

Bernard Palissy alizaliwa Ufaransa karibu mwaka 1510. Alikaa katika mji wa Saintes, akipaka rangi vioo vya madirisha. Siku moja alionyeshwa kikombe cha udongo cheupe, chenye kung'aa. Akataka sana kutengeneza rangi kama ile, naye hakujua ufinyanzi hata kidogo.

Akasaga dawa, akapaka vigae, akachoma. Bure! Alijaribu hivyo miaka mingi. Mara moja kuni ziliisha, na rangi ilikuwa haijayeyuka. Akatupa motoni meza na mbao za sakafu. Watu wa nyumbani wakakimbia mjini wakipiga kelele.

Baadaye vyombo vikang'aa, lakini mawe ya tanuru yalipasuka, vipande vyake vikanata juu yake. Wengine walitaka kuvinunua kwa bei ndogo; Palissy akavivunja vyote. Mara nyingine majivu yaliruka yakaviharibu. Ndipo akafinyanga vifuniko vya udongo vya kuvikinga, akavitumia siku zote.

Mwisho aliitwa Paris kumfanyia kazi Malkia Catherine. Mwaka 1580 alitoa kitabu, akaeleza humo hasara zake moja moja. Vipimo vya rangi yake hakuvitaja.